Herufi Mbili P.M.: Maana Zake Nyingi, na Hatari Yake kwa Mfasiri

Mwalimu afasiriye habari za magazeti ya Kiingereza kwa Kiswahili hukutana mara kwa mara na herufi mbili, P na M, zilizoandikwa pamoja bila maelezo. Tuseme amepewa habari fupi namna hii: P.M. wa nchi fulani amefariki leo saa 4 p.m., na p.m. itafanywa kesho. Herufi ni zile zile mara tatu, lakini mambo ni matatu, wala hayana udugu. La kwanza ni Waziri Mkuu. La pili ni wakati wa baada ya adhuhuri. La tatu ni uchunguzi wa maiti. Mwingereza aisoma habari hiyo pasipo kusita, kwa kuwa tangu utoto amezoea kuyapambanua. Mfasiri wetu hana mazoea hayo. Laiti angekwama, angeuliza. Lakini mara nyingi hakwami, bali hupita mbio, na hapo ndipo kosa linapozaliwa.

Nia ya makala hii ni kueleza asili ya herufi hizo na safari yake, kisha kuonyesha kwamba maana iliyo nyepesi kuliko zote machoni petu, yaani ile ya saa, ndiyo yenye hatari zaidi kwa mtu aandikaye Kiswahili.

Tuanze na hiyo ya saa, kwa kuwa ndiyo ya kale. Maneno kamili ni ya Kilatini, post meridiem, maana yake baada ya adhuhuri. Na ndugu yake ni a.m., ante meridiem, kabla ya adhuhuri. Neno meridies lenyewe latokana na maneno mawili, medius, yaani katikati, na dies, yaani siku. Varro, mwanachuoni wa Rumi, aliandika kwamba wazee wa kale walilitamka kwa herufi D mahali pa R, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameliona limechongwa hivyo juu ya saa ya jua katika mji wa Praeneste.

Warumi wa kwanza hawakuwa na saa wala dakika. Walikuwa na macheo, adhuhuri na machweo tu. Lakini hiyo adhuhuri ilikuwa na nguvu ya sheria. Katika zile Mbao Kumi na Mbili, sheria zilizoandikwa Rumi mwaka 451 na 450 kabla ya Kristo, imeamriwa kwamba wenye kesi waeleze shauri lao mbele ya hakimu kabla ya adhuhuri. Na adhuhuri ikiisha kupita, kama mmoja hakufika, hakimu ampe haki yule aliyepo. Basi maneno post meridiem yalipoandikwa kwanza katika sheria ile hayakuwa pambo la kalenda. Aliyechelewa alipotewa na shamba lake au mali yake.

Sasa, ni nani aliyeijua adhuhuri yenyewe? Plinio atueleza kwamba mtumishi wa maliwali wawili wa Rumi alisimama penye nyumba ya baraza, akitazama jua. Alipoliona limefika kati ya jukwaa la wasemaji na mahali waliposimama wajumbe wa mataifa, alitangaza kwa sauti kuwa ni adhuhuri. Baadaye, mwaka 263 kabla ya Kristo, Warumi walipouteka mji wa Catina katika kisiwa cha Sisilia, waliichukua saa ya jua ya huko wakaisimamisha mjini kwao. Lakini Sisilia iko kusini ya Rumi, na mistari ya saa ile ilikuwa imechorwa kwa kivuli cha huko, si kwa kivuli cha Rumi. Hata hivyo watu waliifuata miaka 99, ndipo ikawekwa nyingine iliyopimwa kwa mahali pale. Neno hili na tuliweke moyoni, kwani tutalihitaji mbele: kipimo kilichotengenezwa kwa nchi moja chaweza kusema uongo katika nchi nyingine, wala watu wasitambue kwa muda mrefu.

Mbali na habari za saa, herufi hizo hizo zilichongwa juu ya fedha na juu ya mawe. Kaisari wa Rumi alikuwa pia mkuu wa makuhani, kwa Kilatini Pontifex Maximus. Juu ya dinari ya Tiberio, ambayo wataalamu wengi hudhani ndiyo aina ile aliyoonyeshwa Bwana wetu alipoulizwa juu ya kodi, cheo hicho kimeandikwa karibu kizima. Lakini katika fedha za makaisari waliofuata, kwa mfano za Trayano, nafasi ilizidi kuwa finyu kwa wingi wa vyeo, na cheo kikakatwa kikabaki P M tu.

Juu ya makaburi ya Wakristo wa Rumi, katika mapango yale walikozikwa wengi wa karne za kwanza, herufi P na M zina maana nyingine kabisa. Huko husimama karibu na hesabu ya umri wa marehemu, na maneno yake ni plus minus, yaani zaidi au kupungua. Jiwe lasema kwamba mtu huyu aliishi miaka arobaini, zaidi au kupungua. Katika watu wale walikuwamo watumwa na maskini wengi, na wengi wao hawakuijua hakika ya miaka yao. Waliowazika hawakutaka kusema uongo mbele ya Mungu, wakaongeza herufi mbili. Nasi tunaoandika vitabu vya ubatizo na vya mazishi twawajua watu wa namna hii: wazee wanaohesabu umri wao kwa njaa fulani au kwa vita fulani, na padre huandika mwaka kwa kukisia. Mtu asiyejua desturi ya mawe yale angeweza kuzisoma herufi zile kuwa ni saa ya kufa, au kuwa ni cheo cha marehemu, na kumgeuza mtumwa kuwa kuhani mkuu.

Kwa nini watu walikata maneno namna hii? Sababu ni moja tangu zamani hata leo, nayo ni gharama. Mchonga mawe alilipwa kwa kazi ya mkono wake, na jiwe lina mwisho wake. Mwandishi wa karne za kati aliandika juu ya ngozi, na ngozi ilikuwa ghali. Ilipokuja simu ya waya, gharama ilihesabiwa kwa neno. Mwaka 1879 waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Aden uliifikia Unguja, na tangu hapo habari za Ulaya zilifika pwani yetu kwa muda mfupi. Lakini kila neno lilikuwa na bei yake. Mwandishi wa habari aliyeweza kuandika herufi mbili mahali pa maneno mawili alimwokolea bwana wake fedha. Hivyo magazeti yakazoea vifupisho, na mazoea yakabaki hata baada ya gharama kupungua.

Katika magazeti hayo ndimo P.M. ilimokuwa jina la Waziri Mkuu. Kwa Kiingereza cheo hicho ni Prime Minister, na habari zake ni za ajabu kidogo, kwa kuwa mtu alikuwapo kabla ya cheo. Robert Walpole, aliyeshika mambo ya serikali ya Uingereza tangu mwaka 1721 hata 1742, huhesabiwa kuwa wa kwanza. Lakini siku zile jina hilo lilikuwa tusi la wapinzani wake, naye mwenyewe alilikana. Mwaka 1878, katika mapatano ya Berlin, Disraeli aliandikwa kwa jina hilo katika hati ya mataifa. Mwaka 1905 mfalme Edward wa Saba alikipa cheo hicho nafasi yake katika utaratibu wa heshima, na mwaka 1937 kikatajwa katika sheria ya mishahara ya mawaziri.

Kwetu Afrika ya Mashariki cheo hiki kimekuja na kuondoka, na jambo hili lamsaidia mtu asomaye magazeti ya zamani. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Julius Nyerere alikuwa Waziri Mkuu. Januari 1962 akajiuzulu, akafuatwa na Rashidi Kawawa. Na nchi ilipokuwa jamhuri tarehe 9 Desemba mwaka huo huo, cheo kikaondolewa, kisirudi hata mwaka 1972. Katika Kenya, Jomo Kenyatta alikuwa Waziri Mkuu tangu Juni 1963 hata Desemba 1964, ndipo akawa Rais. Na cheo hakikuonekana tena mpaka mwaka 2008, alipokishika Raila Odinga hata mwaka 2013. Basi mtu akiikuta P.M. katika gazeti la Nairobi la mwaka 1970, asikimbilie kudhani kwamba atajwa mkubwa wa Kenya, kwani hakuwapo. Na atafute katika habari yenyewe: labda ni mkubwa wa nchi nyingine, labda ni saa tu. Tarehe ya gazeti ni shahidi wa kwanza wa maana ya kifupisho.

Maana ya tatu katika mfano wetu ni post mortem, yaani baada ya kufa. Zamani maneno hayo yalitaja lo lote lifanyikalo baada ya kifo; siku hizi, katika hospitali na mahakama, hutaja hasa uchunguzi wa maiti. Hapa nafasi ya herufi si kitu kidogo, kwa kuwa katika hati za polisi saa ya kufa na uchunguzi wa maiti huweza kuandikwa katika mstari mmoja. Tena zipo maana nyingine zisizokutwa mara nyingi: bwana posta, mlipaji wa mishahara ya askari, na hakimu wa polisi, wote kwa Kiingereza waliandikwa P.M. Na Wafaransa, katika vitabu vyao vya hesabu, huandika p.m. penye jambo linalotajwa kwa ukumbusho tu, bila fedha yo yote kuwekwa mbele yake.

Katika haya yote, mfasiri mwangalifu ataokoka kwa kuitazama habari yenyewe. Mtu hufa, saa haifi. Saa hupigwa, waziri hapigwi. Lakini sasa twafika mahali ambapo maana yajulikana wazi, na kosa huingia vile vile. Ndiyo ile p.m. ya saa.

Sisi tusemao Kiswahili twahesabu saa tangu kucha na tangu kuchwa. Saa moja ya asubuhi ni baada ya jua kuchomoza, na saa moja ya usiku ni baada ya jua kuzama. Mzungu ahesabu tangu usiku wa manane na tangu adhuhuri. Kwa hiyo pana tofauti ya saa sita: 4 p.m. yake ni saa kumi alasiri yetu. Kila mwalimu alijua hili. Lakini haraka ni mbaya, na tarakimu ile 4 iliyo mbele ya macho huvuta kalamu iandike saa nne. Tuseme barua yaleta habari kwamba maziko yatakuwa saa 4 p.m., na mwalimu aisoma kanisani kuwa saa nne. Watu watafika asubuhi, watakaa juani, na walio na safari ndefu watarudi kwao kabla maiti haijaletwa. Au kinyume chake: atangaza saa kumi mahali palipoandikwa 10 a.m., na watu wafika kaburi limekwisha kufukiwa. Kosa kama hili halisahauliki upesi na jamaa za marehemu.

Tusidhani kuwa hesabu yetu ni ya kishamba na ile nyingine ya kiungwana. Hesabu yetu yafanana na ya Agano Jipya. Vibarua wa shamba la mizabibu waliajiriwa asubuhi, na saa ya tatu, na ya sita, na ya tisa, hata ya kumi na moja. Na Mswahili asikiapo saa kumi na moja ajua mara moja kwamba jua li karibu kuchwa, wala hahitaji maelezo. Petro na Yohana walipopanda kwenda hekaluni saa ya tisa, twajua ni alasiri. Msomaji Mwingereza sharti ajumlishe na kutoa kwanza. Tena lugha yake mwenyewe imesahau: neno lake la adhuhuri, noon, latokana na Kilatini nona, yaani saa ya tisa. Ilikuwa saa ya sala ya alasiri, ikasogezwa kidogo kidogo mpaka adhuhuri, na jina likaifuata.

Tena hesabu yetu yafaa nchi yetu. Huko Rumi mchana uligawanywa saa kumi na mbili katika majira yote, hivyo saa ya kiangazi ilikuwa ndefu na saa ya baridi ilikuwa fupi. Sisi tulio karibu na mstari wa ikweta jua letu huchomoza na kuzama karibu wakati ule ule mwaka mzima, na kwa hiyo saa ya mashine na saa ya jua hupatana kwetu bila ugomvi mkubwa. Kuchukua p.m. na kuiweka katika Kiswahili bila kuigeuza ni kama kuichukua ile saa ya Catina na kuisimamisha Rumi.

Lakini hatari kubwa ni ya usiku. Hesabu ya p.m. huukata usiku vipande viwili. Saa 11 p.m. ni ya siku moja, na saa 1 a.m. ni ya siku nyingine. Kwa Mswahili saa tano usiku na saa saba usiku ni za usiku mmoja. Zaidi ya hayo, kwa desturi ya pwani siku huanza jua linapokuchwa, na usiku hutangulia mchana wake, kama ilivyo katika habari za kuumbwa kwa ulimwengu, jioni kwanza kisha asubuhi, na kama Kanisa linavyoianza sikukuu kwa sala ya jioni ya siku iliyotangulia. Kwa hiyo mzee wa pwani aliposema usiku wa Ijumaa, alitaja usiku ule ambao Mzungu auita wa Alhamisi. Mwandishi wa kitabu cha vifo asiyelijua hili ataandika tarehe iliyokosa kwa siku nzima, na kosa halitaonekana kamwe, maana hakuna atakayeuliza tena.

Kiswahili kimejipatia dawa ya jambo hili, nayo ni neno kuamkia. Twasema kwamba mapinduzi ya Unguja yalifanyika usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, na hapo hapana mtu awezaye kupotea, awe ahesabu tangu magharibi au tangu usiku wa manane. Neno hilo latufaa pia katika habari za mbali. Wakati wetu wa Afrika ya Mashariki umetangulia wa Greenwich kwa saa 3. Basi jambo lililotokea London majira ya baridi, Jumanne saa 10 p.m., kwetu limetokea saa saba usiku, usiku wa kuamkia Jumatano.

Wala wenyewe wenye p.m. hawakusalimika nayo. Mwaka 1876 Sandford Fleming, mhandisi wa reli wa Kanada, alifika katika stesheni ya Bandoran huko Ireland kungojea gari la saa 5:35 p.m., kama alivyosoma katika kitabu cha safari. Gari halikuja. Kitabu kilikuwa kimepigwa chapa vibaya: mahali pa a.m. paliwekwa p.m., naye akalazimika kungoja mpaka asubuhi. Herufi moja tu ilikosewa. Tangu siku zile alishika shauri la kuhesabu saa 24 mfululizo, na la wakati mmoja wa dunia nzima. Na mwaka 1884 alikuwamo katika mkutano wa Washington uliouchagua mstari wa Greenwich. Hata leo watu hubishana kama 12 p.m. ni mchana au ni usiku, kwa kuwa adhuhuri yenyewe haiwezi kuwa kabla yake wala baada yake. Katika Kiswahili ubishi huo haupo: iko saa sita mchana, na iko saa sita usiku.

Basi, ndugu waalimu na mapadre, yatupasa nini? Kwanza, herufi P.M. zisihamishwe kama zilivyo. Zipewe neno lake kamili kila mara. Pili, saa ya Kizungu igeuzwe kabla kalamu haijagusa karatasi, kisha iongezwe neno la sehemu ya siku: asubuhi, adhuhuri, alasiri, jioni, usiku, alfajiri. Tatu, jambo la usiku liandikwe pamoja na siku iliyoamkiwa. Nne, tuvitazame na vifupisho vyetu wenyewe. Twaandika k.m. kwa kusema kwa mfano, na km kwa kusema kilomita, na nukta mbili tu ndizo zinazotenga jambo moja na jingine. Mtoto wa darasa la pili hana kosa akizichanganya. Kosa ni la aliyemwandikia.

Aandikaye kwa kifupisho hukopa ujuzi wa msomaji. Na mkopaji mwenye akili hutazama kwanza kama yule amkopaye anacho cha kumpa. Waliochonga zile herufi mbili juu ya makaburi ya Rumi walijua kwamba kila mpita njia wa mji ule atazifahamu. Sisi hatuna hakika hiyo kwa watu watusomao. Na gharama ya kuandika neno zima siku hizi ni ndogo. Ile habari tuliyoanza nayo, ikifasiriwa ipasavyo, haizidi mistari miwili: Waziri Mkuu wa nchi fulani amefariki leo saa kumi alasiri, na maiti yake itachunguzwa na daktari kesho.